Mikono Yangu Ilijulikana Kote, Isipokuwa Kilimani Kwetu

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Muheto katika Masisi, ingawa leo ninawaandikia kutoka msituni Walikale. Nina mke mmoja na goti moja. La pili lipo, lakini halinitii... nitawaeleza lilivyoharibika. Nina watoto wawili walio hai. Wa kwanza, Furaha, hayupo tena.

Wasomaji wenzangu, huenda baadhi yenu mliwahi kunisikia. Kama mlicheza au kutazama mpira wa basketi kule Goma au Bukavu katika miaka hii iliyopita, mtakumbuka mchezaji mrefu wa kambi ya machimbo aliyeitwa Mukono. Ndiye mimi! Msinionee wivu. Someni kwanza hadi mwisho.

Basketi nilijifunza kwa mapadri, nikiwa mwanafunzi wa misheni, wakati wazungu wanapigana vita yao huko kwao. Tulikuwa na nguzo mbili za mti, pete za chuma zilizotolewa kwenye mapipa, na mpira mmoja wa ngozi tuliojaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Wenzangu walirusha kwa mikono miwili kutoka kifuani, kama padri alivyotufundisha. Mimi nilirusha kwa mkono mmoja, juu ya kichwa. Padri alinigombeza wiki nzima. Kisha akaona kwamba mpira unaingia kila mara, akaacha kunigombeza.

Baba yangu hakuelewa kamwe mchezo ule. Alikuwa mkulima, na kilima chetu cha Muheto kilikuwa na migomba, maharagwe, mtama, na chini kabisa kijito kisichokauka. Alipofariki tulimzika hukohuko, upande wa juu wa migomba, mahali anapoweza kuona mashamba yake yote. Mimi nikiwa mzaliwa wa kwanza, kilima kilikuwa changu. Mdogo wangu Musafiri alipata sehemu yake upande wa bondeni, na hakunung'unika... au mimi sikumsikia akinung'unika.

Sasa sikilizeni desturi yetu, maana ndiyo iliyonimaliza.

Kwetu udongo haushikwi kwa karatasi. Unashikwa kwa heshima. Kila mwaka maharagwe yakishavunwa, mwenye kilima hubeba mtungi wa pombe ya ndizi kichwani mwake mwenyewe, na maharagwe mapya, na mbuzi mmoja, akaenda kwa mzee mwenye udongo, msimamizi wa ardhi yetu yote. Mzee huyo huonja pombe, humwaga kidogo chini, kisha huita jina la aliyeleta, kwa sauti, mbele ya majirani wote. Jina likiitwa, basi, kilima ni cha mtu huyo mpaka mavuno mengine. Na kama una ugonjwa au safari? Unaweza kumtuma ndugu. Lakini huyo ndugu lazima aseme mbele ya watu: mimi ni miguu ya fulani. Hapo mzee ataita jina lako wewe, siyo la aliyetumwa.

Ni maneno machache tu! Mtoto anaweza kuyakariri.

Mwaka baba alipofariki nilipeleka heshima mwenyewe. Jina langu likaitwa. Nilikuwa nimeoa karibuni, na mke wangu Venansia alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Laiti ningalifahamu kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho!

Miezi michache baadaye timu yetu ya misheni ilialikwa kucheza na timu ya kambi ya machimbo ya kasiterite, yale madini ya bati, kule Walikale. Tuliwafunga mbele ya direkta wao. Mzungu yule aliniita baada ya mechi, akanipima mkono kwa macho kama mtu anayechagua mti wa kukata mbao. Aliniajiri siku ileile. Kwa jina nilikuwa mpima mchanga wa madini. Kwa kweli kazi yangu ilikuwa moja tu, kutupa mpira ndani ya pete. Nilipewa nyumba ya matofali, viatu vya raba, nyama kila Jumamosi. Nani angekataa? Wewe ungekataa?

Venansia alibaki kilimani. Ilibidi mtu akae juu ya udongo.

Jamani, nilicheza! Hili sitalificha kwa unyenyekevu wa uongo. Mwaka wa kwanza nilikuwa mfungaji wa kwanza wa kambi yetu. Mwaka uliofuata nikawa wa kwanza wa kambi zote za machimbo za upande ule. Kule Goma nilifunga pointi arobaini na moja peke yangu, na wapinzani wetu wote kwa pamoja hawakuzifikia! Watu waliingia uwanjani wakanibeba mabegani. Direkta alinivulia kofia mbele ya wazungu wenzake. Wanawake wa kambi walikuwa wakinyooshea kidole mkono wangu wa kulia, siyo uso wangu, wakiwaambia watoto: tazama, njo ile, ndiyo yenyewe! Makombe matatu yaliwekwa katika ofisi ya kampani, na juu yake picha yangu nimeruka, miguu haigusi kitu.

Mipira hiyo yote nilipewa na mtu mmoja, Paskali. Alikuwa mwenyeji wa Walikale, mtoto wa wawindaji, mfupi, mwenye mbio. Yeye alinyang'anya, mimi nikafunga. Alikuwa mkristo kama mimi, lakini kijijini kwao waliendelea na mambo ya wazee, na kila mwaka wakati wa mambo hayo Paskali alivua jezi akaondoka. Hata kabla ya mechi kubwa! Direkta alimwadhibu, akamrudisha kwenye kazi ya sepetu, akamweka benchi. Paskali alikubali, na mwaka uliofuata akaondoka tena.

Nilimcheka sana. Nilimwambia yeye na babu zake watamharibia maisha. Hakukasirika. Alifunga mzigo wake, akanijibu:

"Kaka, kule kwetu bakiita jina na hauko, banaita ya mwingine."

Nikacheka zaidi. Maneno hayo leo yananiamsha usingizini.

Kwa maana mashindano yetu makubwa yaliangukia miezi ileile ya mavuno ya maharagwe Muheto. Kila mwaka! Na kila mwaka direkta alisema Mukono haendi popote. Nikafanya nini? Nilikuwa na ndugu. Musafiri alikuwa amekwisha kuwa mchuuzi. Alipanda na kushuka na wabebaji wake, wakileta maharagwe kambini na kurudi na chumvi na vitambaa. Alilala kwangu, alikula nyama yangu ya Jumamosi, alinishangilia uwanjani kuliko mtu yeyote. Nilimpa mbuzi mnono niliyemnunua mwenyewe. Nilimwambia: mdogo wangu, nenda useme wewe ni miguu yangu. Akanishika mikono yote miwili, akaapa kwa kaburi la baba.

Mara ya kwanza alisema. Nakiri hivyo, maana Venansia alikuwa pale nyuma pamoja na wanawake, akasikia jina langu likiitwa. Mwisho wa mwaka ule nilikwenda nyumbani kwa likizo fupi, nikiwa juu ya lori, na picha yangu mkononi. Mtaa mzima ulinipokea. Nilimbeba Furaha, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, naye alinishika kidevu akinishangaa. Nilikaa siku chache, nikarudi kambini. Roho yangu ilikuwa nyeupe kabisa.

Mavuno yaliyofuata, Musafiri alifika mbele ya mzee na mtungi wangu na mbuzi wangu... akanyamaza. Hakusema uongo. Hakusema kitu! Aliweka mtungi chini, akasimama wima kama mwenye mali. Mzee akangoja kidogo. Kisha akaita jina la mtu aliyemwona mbele yake.

Venansia alipiga kelele kutoka nyuma. Wanawake wenzake walimziba mdomo, kwa kuwa mwanamke haingii katika maneno yale. Jioni alimfuata Musafiri, akamuuliza kwa nini. Musafiri alimwambia amesahau, atarekebisha mwaka ujao, na kwamba ameshanipasha habari nami nimekubali.

Mke wangu hakujua kuandika. Kila neno alilonitumia lilipita kwa wabebaji, na wabebaji walikuwa wa nani? Wa Musafiri! Alituma neno kwamba nije upesi. Kambini nilifikishiwa kwamba Venansia ananisalimu na anataka kitambaa cha buluu. Alituma tena, akilia. Nikaambiwa maharagwe yamezaa vizuri. Nilituma kitambaa cha buluu, tena cha bei. Yeye huko alipokea kitambaa badala ya jibu, akafikiri mume wake amemdharau... Hebu fikirini mwanamke huyo alivyolala usiku ule!

Miaka ikapita hivyo, na direkta hakunipa likizo nyingine. Heshima ikaenda, jina likaitwa, na jina halikuwa langu. Mimi nilikuwa ninahesabu makombe.

Ndipo mzungu mmoja mwenye shamba la pareto akaanza kutafuta vilima vya Masisi. Alitaka kilima chenye maji. Aliuliza mwenye kilima kile ni nani, na watu wote, bila kosa lolote, walimwelekeza kwa Musafiri. Musafiri akakubali. Akapewa kazi ya ukapita, kuwasimamia vibarua, na baiskeli mpya.

Venansia alikataa kutoka. Alikaa mlangoni na Furaha mgongoni. Vibarua hawakumgusa, walimwonea haya. Walipanda juu ya nyumba wakaondoa majani ya paa, moja moja, mpaka mbingu zikaonekana. Mvua za mwisho zilikuwa bado zinanyesha, na baridi ya vilima vyetu mnaijua. Alikaa hivyo katika nyumba isiyo na paa akiningoja mimi, kwa sababu alikuwa ametuma neno la mwisho na aliamini safari hii nitakuja.

Furaha alianza kukohoa. Alipopata homa, Venansia aliacha kila kitu akambeba kwa miguu hadi Lushebere kwa shangazi yake. Mtoto alifia njiani, mgongoni. Venansia alitembea na maiti bila kujua, akimwimbia.

Na mimi? Siku zile nilikuwa Bukavu, kwenye fainali. Ee Mungu wangu! Nilikuwa nimevaa jezi nyeupe, watu wanapiga ngoma, na Musafiri amesimama kando ya uwanja akiniita bingwa. Alikuwa ameacha nyumba yangu bila paa, akaja kunishangilia!

Nilifunga kuliko wote siku hiyo. Mpira wa mwisho Paskali alinirushia kutoka mbali, nikaruka, nikafunga, na nilipotua mchezaji wao mkubwa aliniangukia kwenye goti. Lililia kama kuni inayovunjwa. Tulishinda. Walinibeba mabegani tena, nikipiga kelele za maumivu, na watu walifikiri ni za furaha.

Nililala hospitali ya kambi muda mrefu. Mwanzoni direkta alikuja na machungwa. Kisha akamtuma karani. Kisha hakumtuma mtu. Siku moja nilielezwa kwa adabu kwamba nyumba ya matofali inahitajika, amepatikana kijana mwingine wa misheni, mrefu. Kampani haikuwa na ubaya nami, walisema. Iliniruhusu kuchukua picha yangu ukutani.

Nilijifariji. Nilisema: nina kilima! Nina migomba ya baba, nina mke, nina mtoto. Nikapanda lori na fimbo yangu, nikashuka njia panda, nikapanda Muheto nikichechemea na kupumzika kila mahali.

Nilipofika juu nilidhani nimepotea njia. Hapakuwa na mgomba hata mmoja. Kilima chote kilikuwa na maua meupe, mistari kwa mistari, mpaka kijitoni. Maua mazuri, yenye kung'aa... Nililitafuta kaburi la baba. Nilizunguka na fimbo yangu katika pareto, nikipiga udongo, mpaka vibarua wakaja kunikamata wakidhani ni mwizi. Kapita wao akaja juu ya baiskeli kuona kelele ni ya nini. Alikuwa Musafiri.

Alishuka baiskeli. Alinitazama goti. Aliniambia, "Kaka, ulikuwa na mambo mingi. Mimi nilikuwa hapa."

Nilimpiga kwa fimbo, nikaanguka. Vibarua walinishika. Hilo ndilo lililokuwa pambano langu lote.

Nilimpata Venansia kwa shangazi yake, kule Lushebere. Hakukimbia kunipokea. Alikuwa anapalilia shamba la shangazi yake, amejifunga kile kitambaa cha buluu, kimechakaa. Aliniuliza swali moja tu: kama neno la mwisho lilinifikia. Nilipomjibu kwamba halikunifikia hata moja, alikaa chini palepale, akalia kwa mara ya kwanza tangu amzike mtoto. Ndipo nami nikaelezwa kwamba mtoto hayupo. Sitaandika zaidi juu ya saa ile. Siwezi.

Nilipeleka shauri mbele ya mzee mwenye udongo. Majirani wote walikuja. Nilieleza mbuzi niliowanunua, ndizi za migomba yangu, kiapo cha kaburi. Wabebaji wawili walikiri kwamba walifundishwa maneno ya kunipotosha. Hakuna aliyebisha! Hata Musafiri hakubisha. Alikaa kimya, kama kawaida yake.

Mzee alikuwa amechoka na uzee. Alisema polepole:

"Mutoto wangu, mbuzi ilikuwa yako, naamini. Pombe ilikuwa yako, naamini. Lakini mimi naita jina ya muntu mwenye iko mbele yangu. Miaka yote ile weye ulikuwa wapi?"

Nikatoa ile picha. Sijui nilifikiri nini. Nilimwonyesha mkono wangu ulionyooka, pete, watu chini wanaoshangilia. Niliwaambia kwamba mikono hii imejulikana Goma, imejulikana Bukavu, hata wazungu wameivulia kofia.

Mzee aliishika picha karibu na macho, akaitazama sana, akanirudishia.

"Ni mikono muzuri," alisema. "Tunaisikia tu. Hapa hatujaiona."

Watu wengine walikuwa wanalia, lakini hakuna aliyesema jambo tofauti. Na hata kama angesema, mzungu angeng'oa pareto yake?

Hivyo ndivyo nilivyopoteza kilima cha baba yangu, kaburi lake, na mtoto wangu. Musafiri bado ni kapita. Nasikia ananenepa. Nimejaribu kumsamehe kanisani mara nyingi, na kila mara nikitoka nje ninakuta sijamsamehe. Nisiwadanganye.

Aliyetupokea ni Paskali. Yule niliyemcheka! Alikuwa ameacha kambi, amerudi kijijini kwao kulima na kuwinda, na kila mtu huko anamfahamu kwa uso. Alisimama mbele ya wazee wake akatuombea kipande cha msitu. Tulifyeka mimi na Venansia, yeye kwa shoka, mimi nikiwa nimekaa chini na panga. Watoto wetu wawili wamezaliwa hapa. Lakini mke wangu hataki aitwe kwa jina la hao wadogo. Mpaka leo yeye ni Mama Furaha, na mimi ni Papa Furaha.

Ndugu zangu mnaosoma haya, hasa ninyi vijana mlio makambini, mnaopiga mpira, mnaoendesha malori ya wazungu, mnaosifiwa na watu ambao hawajui hata jina la mama yenu! Nawasihi. Chezeni, fungeni, chukueni makombe. Lakini lile jambo ambalo kwenu linataka uso wako na mikono yako, usimpe mtu akubebee. Hata ndugu wa tumbo moja. Hata akiapa kwa kaburi! Mwambie direkta wako akuadhibu, akuweke benchi, akupe sepetu. Nenda nyumbani. Simama pale. Mwulize mke wako maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe.

Mwaka huu kampani ilimtuma mtu kunitafuta. Wanataka niwafundishe vijana wao kurusha kwa mkono mmoja. Mashindano yanaanza, alisema, na gari lingenichukua kesho yake. Ilikuwa wiki ya heshima hapa kijijini, maana hapa nao huita majina. Nilimwambia aje baada ya hapo. Alicheka, akasema mashindano hayangoji mtungi wa pombe, akaondoka. Hajarudi.

Nilibeba mtungi wangu kichwani. Kwa goti hili ni mwendo wa asubuhi nzima, na Paskali alijitolea kunisaidia. Nilikataa. Niliteleza mara kwa mara, pombe ikanimwagikia shingoni, nikafika nimelowa. Wazee wakaonja iliyobaki, wakamwaga chini kidogo.

Niliporudi Venansia alikuwa mlangoni. Hajawahi kuniona nikicheza hata mechi moja, na hajawahi kuniuliza nilifunga ngapi. Alipokea mtungi mtupu, akaniuliza kama anavyoniuliza kila mwaka:

"Papa Furaha, balikuona?"

"Baliniona," nikamjibu.

"Baliita jina ya nani?"

Nikamtajia jina langu. Akaniomba nirudie.